Mtori haumwandai mtu kwa kisu

"Kula, mwanangu, utapata wapi nguvu za kupasuliwa?" Ukirudi Moshi Desemba ukiwa na tarehe ya upasuaji wa kupunguza uzito, swali hilo utalisikia kabla hujashusha begi. Imani ni ya zamani: mgonjwa hujazwa kwanza. Kwa mama aliyejifungua, mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, una kazi yake. Kwa upasuaji huu mambo ni kinyume.

Sababu ni ini. Limelala juu ya mfuko wa tumbo, na kwa mtu mnene mara nyingi limejaa mafuta, kubwa na zito. Daktari anayepitisha vifaa kwenye matundu madogo lazima alinyanyue ndipo aone anachokata. Ndiyo maana hospitali nyingi huagiza mlo mwepesi kwa wiki 2 hivi, wanga kidogo na protini ya kutosha: ini huachia sukari lililoihifadhi pamoja na maji yake, likasinyaa.

Mbuzi wa Krismasi usimkimbie. Pokea sahani mbele ya wazee, onja kipande kisicho na mafuta kama mlo wako unaruhusu, kingine mpe shemeji. Kata ya mbege, ile pombe ya ndizi, ipitishe kwa jirani; hakuna anayehesabu mafunda, niamini.