Je, Wajua? Kwa Nini Mpiga Gitaa wa Marekani Alitoa Pesa Kuiokoa Sinema ya Poland

Mwaka 1965 Wojciech Has, mwongozaji mzaliwa wa Kraków, alitoa sinema ya saa tatu na dakika mbili iitwayo Rękopis znaleziony w Saragossie, yaani Hati Iliyopatikana Saragossa. Leo mwenye deki anaiona nzima. Lakini kwa takriban miaka 30, watazamaji wengi wa nje ya Poland waliijua ikiwa imenyofolewa vipande. Nakala iliyozungushwa Marekani ilibaki na saa mbili na kidogo.

Sababu ya kuikata haikuwa siasa. Mwenye ukumbi anahesabu maonyesho, na sinema ya saa tatu inakula nafasi ya maonyesho mawili. Sinema nyingi ukizipunguza zinachechemea tu, ila zinafika. Hii haifiki.

Aliyesoma Alfu Lela Ulela ataelewa haraka: hadithi inazaa hadithi, na mtu aliye ndani ya kisa naye anaanza kusimulia kisa chake. Ndivyo alivyoandika Jan Potocki, mwungwana wa Poland aliyefariki mwaka 1815, katika riwaya ya Kifaransa ambayo Has aliichukua. Maofisa wawili wa majeshi yanayopigana wanakutana katika nyumba moja Saragossa, Hispania, wanaona kitabu kikubwa chenye picha, na vita inasahaulika. Kitabu kinamhusu babu wa mmoja wao, Alfons van Worden, anayevuka milima ya Sierra Morena. Anakaribishwa na mabinti wawili wa kifalme wa Kiislamu, anakunywa kutoka kikombe cha fuvu la kichwa, kisha anazinduka mchana kweupe chini ya mti wa kunyongea, kando ya maiti. Halafu yanamkuta tena. Anayeigiza ni Zbigniew Cybulski, nyota mkubwa wa Poland wakati ule, na uso wake wa mtu asiyejua acheke au akimbie ndio unaobeba usurialisti wote, yaani ule mchanganyiko wa ndoto na uhalisia. Has hana haja ya ujanja wa kamera. Ndoto anaipiga picha kama vile ni jambo la kawaida kabisa.

Sehemu ya pili ndiyo yenye fundo. Bwana mmoja anasikia sauti usiku, anaamini ni rafiki yake marehemu anamwonya kutoka ahera, anaingiwa na hofu ya Mungu na kuanza kutubu. Muda mrefu baadaye, katika kisa cha mtu mwingine kabisa, tunagundua kwamba ilikuwa sauti ya kijana aliyepanda ngazi akakosea dirisha. Sasa kikate kisa cha huyo kijana. Kicheko kinakufa, na toba ya yule bwana inabaki ikining'inia bila maana.

Hapo ndipo anapoingia Jerry Garcia, mpiga gitaa wa bendi ya Grateful Dead. Aliiona sinema hii San Francisco katika miaka ya 1960 na haikumtoka akilini. Miaka ya 1990 alijitolea kugharimia nakala kamili itafutwe na ihifadhiwe kwenye hifadhi ya filamu ya Berkeley, California. Alifariki Agosti 1995 kazi haijakamilika. Waongozaji Martin Scorsese na Francis Ford Coppola wakaiendeleza, na mwishoni mwa muongo huo toleo refu likarudi kwenye kumbi za Marekani, kisha likatoka kwenye DVD. Has mwenyewe alifariki mwaka 2000.

Mbona ilihitaji matajiri? Kwa sababu ya namna mkanda wa filamu unavyotafsiriwa. Maandishi ya tafsiri yalichapwa juu ya mkanda wenyewe, picha kwa picha, kwa hiyo kila lugha ilidai nakala yake, na saa tatu za mazungumzo ya Kipoland ni maandishi mengi. Kwenye diski maandishi ni faili la pembeni, unaliwasha au kulizima, na kuongeza lugha nyingine hakumlazimu mtu kuchapa mkanda upya.

Has aliwahi kuadhibiwa kwa njia nyingine pia. Sanatorium pod klepsydrą, sinema yake nyingine ya kindoto, ilishinda Tuzo ya Majaji katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1973 bila kuwafurahisha wakubwa wa Poland, naye akakaa karibu miaka kumi bila kutoa filamu mpya. Zote mbili Scorsese aliziweka kati ya filamu 21 za Poland zilizosafishwa kidijitali ambazo alizizungusha Marekani kuanzia mwaka 2014.

Kwa maoni yangu sinema hii inafaa zaidi nyumbani kuliko ukumbini, maana ukumbini huwezi kurudi nyuma kumkagua yule kijana wa ngazi. Ila anayeagiza kutoka nje aangalie alama ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imeruhusiwa kuchezwa. DVD nyingi za Marekani zimefungwa kwa kanda ya 1, wakati Kenya na Tanzania ziko kanda ya 5, na deki isiyofunguliwa itazikataa. Blu-ray ni nafuu: Afrika na Ulaya zimewekwa pamoja katika kanda B, hivyo diski ya Uingereza itacheza bila kugoma.