Pesa na hela zilikuwa sarafu kweli, tena zile ndogo kabisa

Sisi wa makumbusho tunaulizwa sana na wanafunzi eti kati ya pesa na hela lipi ndo jina sahihi. Yote sahihi, ila wengi hawajui kwamba zamani hizi zilikua sarafu mbili tofauti, za kushika mkononi kabisa.

Pesa ilikuja na biashara ya Wahindi pamoja na rupia, na rupia moja ilikua na pesa 64. Sultani Barghash wa Zanzibar alifuisha pesa zake za shaba zenye picha ya mizani mwaka 1882, halafu Wajerumani walipoingia huku bara nao wakafuata hesabu hiyohiyo, kampuni yao ikatoa pesa kuanzia 1890. Sasa 64 ni hesabu ya kusumbua jamani, kwahiyo 1904 wakaachana nayo, rupia ikagawanywa kwenye heller 100, na wazee wetu wakaitamka hela. Jina lenyewe limetoka mji wa Hall kusini mwa Ujerumani, walikua wanafua visarafu vidogo toka Zama za Kati.

Na dola ni vilevile, nayo imezaliwa na mji! Joachimsthal, leo Jáchymov huko Czech, walichimba madini mengi ya fedha wakafua sarafu kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1500, watu wakafupisha jina ikawa thaler, Waholanzi na Waingereza wakaligeuza mpaka likawa dola. Thaler ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ilizunguka sana pwani yetu, wenyewe tukaiita reale, na thumni ilianza kama moja ya nane ya reale, ndo maana baadae senti 50 ikarithi jina hilo.

Vita vya kwanza vya dunia vilipobana na meli za Ujerumani hazifiki, mwaka 1916 Wajerumani wakafua hela za shaba na shaba nyeupe pale Tabora kwenye karakana ya reli. Wakaja Waingereza, wakaleta sarafu zao, florini 1920, halafu shilingi 1921, hela ikaisha kama sarafu lakini mdomoni haikutoka.

Kwanini rupia haikubaki kuwa jina la fedha zote kama hizi mbili? Mi naona ni kwa sababu rupia ilikua kubwa, mtu wa kawaida haishiki kila siku, ila hela na pesa zilipita kila mkono, za chumvi, za kiberiti.

Kama nyumbani kuna sarafu za bibi au babu tafadhali msizisugue kwa mchanga wala limao, maandishi yanafutika. Angalieni kwanza kama ina mwaka 1916 na herufi T, hiyo ni ya Tabora, ileteni tuisome pamoja.