Mkutano Mkuu wa ALAT si kikao cha serikali

Kila mwaka mameya, wenyeviti na wakurugenzi wa halmashauri wanapokutana, utasikia kijiweni: "Serikali imekaa, ushuru utapungua." Sivyo. ALAT, yaani Jumuiya ya Tawala za Mitaa Tanzania, ni chombo cha halmashauri zenyewe, kilichoundwa mwaka 1984, miaka miwili baada ya sheria za 1982 kurudisha serikali za mitaa. Pengine mgeni rasmi ndiye anayetuchanganya: akiwa Rais au Waziri Mkuu, king'ora na zulia jekundu huufanya ukumbi ufanane na serikali. Akishaondoka, wajumbe hujadili taarifa, hesabu na ada za wanachama, kisha hupitisha maazimio. Maazimio hayo ni hoja za kupelekwa TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa, si amri. Ushuru wa soko lenu hupangwa na madiwani wenu, kwa sheria ndogo.