Kiti cha platini: kwa nini natia nitrojeni kwenye mkaa wa vifuu

Kila nikivuka daraja la Nyali kwenda Kongowea kuchukua vifuu vya nazi, mama anayeniwekea huniuliza lile lile: "Mwalimu, vifuu vyote hivi wapikia nini?" Nimemjibu mara nyingi, lakini kwa mkato. Leo naeleza kwa kirefu.

Kazi yangu ni seli za fueli zinazotumia pombe. Humu hamna moto. Pombe iliyochanganywa na maji hupita upande mmoja, hewa upande wa pili, na katikati kuna utando unaopitisha protoni. Kichocheo, ambacho kwangu ni metali ya platini, huivunja pombe, elektroni zikatoka na kupita kwenye waya. Huo ndio umeme. Molekuli moja ya methanoli ikivunjwa yote hutoa elektroni 6, ya ethanoli hutoa 12. Lakini atomi mbili za kaboni ndani ya ethanoli zimeshikana mno, na mara nyingi platini hushindwa kuzitenganisha. Safari hukatikia kwenye asidi asetiki, ile ile ya siki, zikiwa zimetoka elektroni 4 tu.

Platini ni ghali, kwa hiyo hutengenezwa chembe za nanomita 2 hadi 3 (nanomita ni mita iliyogawanywa mara bilioni) ili atomi nyingi ziwe juu, zikutane na pombe. Chembe hizo lazima zikae juu ya kitu kinachopitisha umeme, nacho ni kaboni. Kwa miaka mingi iliyotumika zaidi ni masizi maalumu yaitwayo Vulcan XC-72. Watu huiona kaboni hii kama sinia: kazi yake kubeba, basi. Mimi naamini nusu ya uhai wa kichocheo imo humo.

Juu ya kaboni tupu, chembe za platini hazina pa kujishikiza. Huteleza, zikakutana, zikaungana. Umewahi kuona ngalawa zilizoachwa bila kufungwa usiku wa maji makuu? Asubuhi zimesongamana pembe moja. Platini nayo ikisongamana, sehemu inayofanya kazi hupungua, na umeme hushuka ingawa uzito wa platini ni ule ule. Kuna adha nyingine: pombe ikivunjika nusunusu huacha monoksidi ya kaboni, ambayo huing'ang'ania platini na kuziba nafasi. Dawa inayojulikana ni kuchanganya platini na rutheni, metali nyingine, ambayo huchukua oksijeni kutoka kwenye maji na kuigeuza monoksidi hiyo iwe dioksidi. Watanabe na Motoo walilieleza hilo mwaka 1975, na hadi leo twalitegemea.

Hapa ndipo nitrojeni inapoingia. Ina elektroni 5 za nje, kaboni ina 4. Atomi za kaboni zimeungana kama wavu; ukiondoa moja ukaweka nitrojeni, mahali pale hubadilika tabia: chembe ya platini hushika hapo, kama chombo kilichofungwa kwenye nguzo ya gati. Elektroni za platini nazo husukumwa kidogo, na monoksidi ikalegeza mkono wake.

Si kila nitrojeni ni sawa, lakini. Kuna inayokaa ukingoni mwa wavu, kwenye pete ya atomi sita. Kuna ya pete ya atomi tano. Na kuna iliyozama katikati ya wavu wenyewe. Ile ya ukingoni ndiyo naithamini zaidi kwa kushika platini, ila kila ukingo ni jeraha, na kaboni huanza kuoza kwenye majeraha. Ukizidisha nitrojeni, wavu huvurugika na umeme hupita kwa shida. Ukizidisha joto la tanuri, wavu hutengenea lakini nitrojeni hukutoroka.

Sasa vifuu. Navichoma bila hewa, nasaga, nachanganya na yurea ya mbolea, kisha tanuri, nyuzi 800 za Selsiasi, gesi ya argoni ikipita ili hewa isiingie. Yurea hutoa amonia, na amonia huipa kaboni nitrojeni. Siku moja valvu ya mtungi ilivujisha, hewa ikaingia, na kazi ya wiki nzima ikawa majivu. Iliniuma sana.

Mkaa wa vifuu husifiwa kwa ukubwa wa uso wake, unaoweza kupita mita za mraba 1,000 kwa gramu, ilhali Vulcan ina kama 250 tu. Namba hii imewapoteza wengi. Sehemu kubwa ya uso huo imo kwenye vitundu visivyofika nanomita 2. Kwa kuchuja maji ni vizuri kabisa, lakini chembe ya platini haiingii humo, na pombe ikiingia haikuti kichocheo. Ninachotaka ni vitundu vya nanomita 5 hadi 20, hata kama uso wote utapungua. Kwa hiyo sasa naongeza unga laini wa silika, madini ya mchanga, kabla ya kuchoma, halafu nauyeyusha kwa soda kali iliyopashwa moto, ukiacha nafasi ulipokuwa.

Pombe ya kujaribia ni moli 1 ya ethanoli kwa lita, yaani kama mililita 58. Kwa ukali haiko mbali na tembo la mnazi lililolala siku moja, ingawa tembo lenyewe, kwa sukari na protini zake, lingeichafua platini mara moja. Mti ule ule, kifuu na kinywaji! Mama wa Kongowea nilipomwambia hili alininyamazia kidogo, kisha akaniongezea vifuu vitano bure. Viko tanurini sasa.