Chombo cha mapezi: maana na utendaji wake

Chombo cha mapezi ni chombo cha majini kinachoendeshwa kwa nguvu za mtu, aghalabu kwa miguu, ambacho badala ya kafi, kasia au rafadha (propela) hutumia pezi moja au zaidi linalopigwa huku na huku ndani ya maji kama samaki apigavyo mkia. Wengi hudhani kuwa ni mashua iliyochongwa kwa umbo la samaki. Sivyo. Umbo la chombo laweza kuwa la kawaida kabisa. Kilichoazimwa kwa samaki ni namna yake ya kuyasukuma maji.

Sababu ya kuazima ni uchache wa nguvu za binadamu. Mtu mwenye afya njema, asiye mwanamichezo, huweza kutoa takriban wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu bila kuchoka sana, ilhali injini ndogo ya nguvu farasi 2 hutoa karibu wati 1,500. Kwa hiyo kila wati inayopotea huonekana. Chombo husonga mbele kwa kuyasukuma maji nyuma, na msukumo uleule waweza kupatikana kwa kusukuma maji machache kwa kasi au maji mengi polepole. Ukisukuma maji maradufu kwa nusu ya kasi, msukumo haubadiliki, lakini nishati inayobaki ikizunguka bure majini hupungua kwa nusu. Pezi pana linalokwenda taratibu hushika maji mengi, na ndiyo faida yake kubwa dhidi ya rafadha ndogo inayozunguka kwa kasi. Kafi nalo hushika maji vizuri, ila kila baada ya pigo ni lazima liinuliwe na kurudishwa mbele, na wakati huo halisukumi kitu. Pezi husukuma likienda na likirudi.

Ubao mgumu ukipigwa huku na huku hautafaa sana. Ukingo wa mbele wa pezi hushikiliwa na mhimili mgumu, na sehemu ya nyuma huwa laini. Mguu unaposukuma pedali, mhimili hutangulia, ule ulaini unachelewa kidogo, na pezi zima linajipinda na kukaa mshazari, hivyo maji yanatupwa nyuma badala ya kusukumwa pembeni tu. Linapofika mwisho wa mwendo wake na kugeuka, pezi huachilia mzunguko mdogo wa maji, kama ule unaoonekana nyuma ya kafi. Mizunguko hiyo, mmoja kulia na mmoja kushoto, ikipangika vizuri hutengeneza mkondo unaokwenda nyuma moja kwa moja. Wataalamu huupima mpangilio huo kwa namba ya Strouhal: idadi ya mapigo kamili kwa sekunde huzidishwa kwa upana wa mwendo wa pezi, kisha hugawanywa kwa kasi ya chombo. Samaki wengi waogeleao vizuri huwa kati ya 0.2 na 0.4. Pezi linalopita upana wa sentimita 40, likienda na kurudi mara moja na nusu kwa sekunde, chombo kikienda mita 2 kwa sekunde, hutoa 0.3. Katika miaka ya 1990 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, wakiongozwa na Michael Triantafyllou, waliunda jodari wa roboti ili kuchunguza jambo hilihili.

Tatizo ambalo samaki amelitatua kwa mwili wake, na mashua haiwezi, ni kuyumba. Mkia mmoja ukisukuma maji kulia, tezi, yaani nyuma ya chombo, husukumwa kushoto, na omo, yaani mbele yake, huanza kutikisika. Mfumo wa MirageDrive, uliotolewa na kampuni ya Hobie mwaka 1997 kwa ajili ya kayaki, uliliepuka kwa mapezi mawili yanayopishana chini ya chombo, moja likienda kulia wakati jingine likienda kushoto, hivyo misukumo ya pembeni hufutana. Kwa kuwa yako mawili na yanafanana na mbawa zaidi kuliko mkia, mwendo wake uko karibu na wa pengwini kuliko wa samaki. Mwendeshaji huketi na kusukuma pedali kwa kupokezana miguu, na mikono hubaki huru kushika mshipi wa kuvulia.

Haifai, hata hivyo, kudai kuwa pezi hushinda rafadha daima. Rafadha kubwa inayozunguka polepole nayo hupoteza nishati kidogo, na haina ule muda wa kusita ambao pezi huwa nao kila linapogeuka. Chombo cha MIT kiitwacho Decavitator, kilichovuka kilomita 34 kwa saa mwaka 1991 kwa nguvu za mtu mmoja, kilitumia rafadha ya hewani. Mapezi ya MirageDrive ya awali, isitoshe, hayakuweza kurudisha chombo nyuma. Toleo la baadaye liliwezesha mapezi kugeuzwa kwa kuvuta kamba. Ubora wa mapezi hayo huonekana zaidi kwenye maji mafupi: mwendeshaji husukuma pedali moja mbele hadi mwisho, mapezi yote mawili yakalala bapa chini ya chombo, na kayaki ikapita juu ya mchanga.