Je, wajua kwa nini nyuki aliyeingia ndani hung'ang'ania kioo na kuuacha mlango ulio wazi?

Mchana wa jua kali, mlango wa sebuleni uko wazi na upepo wa bahari unapita, lakini nyuki aliyeingia muda mfupi uliopita yuko kwenye kioo cha dirisha. Anagonga, anateleza, anapanda tena, anagonga. Mjini Tanga hili ni jambo la kila siku, uwe unakaa Raskazone au katikati ya Ngamiani. Mmoja anavua kandambili, mwingine anakimbilia kopo la dawa, watoto wanapanda juu ya makochi. Na nyuki mwenyewe, mlango ule mpana haushughulikii kabisa.

Sababu ni kwamba mlango huo, kwa nyuki, ni giza. Kinachomwambia "huku ndiko nje" si uwazi wala upepo. Ni mwanga, na dirisha lina mwanga mwingi kuliko mlango unaofunguka kwenye kibaraza chenye kivuli.

Msogelee kidogo umtazame, maana akiwa peke yake kwenye kioo hana haja nawe. Kwanza anajipigiza kichwa, kisha miguu inatafuta pa kushika na kuteleza. Vipapasio vyake vya kichwani vinagusagusa kioo kulia na kushoto. Halafu anaanza kupanda mpaka kwenye fremu ya juu, anatembea hadi pembeni, anaanguka, anaanza upya. Ni nadra sana umwone akigeuka na kurudi chini katikati ya chumba. Porini mdudu aliyebanwa kwenye majani au kwenye tundu la mti hutoka kwa kufuata upande wenye mwanga zaidi, na mara nyingi upande huo ni juu, kwenye anga. Kanuni hiyo imewaokoa nyuki kwa mamilioni ya miaka. Kitu kinachopitisha mwanga lakini kinazuia mwili hakikuwepo katika maisha yao hadi binadamu alipotengeneza kioo.

Macho yake nayo yanamvutia huko huko. Nyuki ana macho matano: mawili makubwa ya pembeni, kila moja limeundwa kwa maelfu ya vijicho vidogo, na mengine matatu madogo sana utosini, yanayopima ukali wa mwanga na kumsaidia kukaa sawa anaporuka. Anaona bluu, kijani na pia urujuanimno, mwanga ambao sisi hatuuoni kabisa. Mwanga huo ni mwingi angani na ni haba ndani ya nyumba. Kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha sehemu kubwa yake, kwa hiyo kwa macho ya nyuki dirisha lililofungwa ni kipande cha anga. Isitoshe, anaporuka hupima umbali kwa jinsi vitu vinavyopita machoni mwake. Ukuta wenye madoa unampa habari kwamba unakaribia, ila kioo kisafi hakimpi chochote hadi akigonge.

Kuna wanaosema basi nyuki ni mjinga. Hapana. Mwanasayansi wa Austria, Karl von Frisch, aliwafundisha nyuki kufuata karatasi ya bluu iliyowekewa maji ya sukari, na wakaendelea kuichagua kati ya karatasi nyingi za kijivu hata sukari ilipoondolewa. Walishindwa na nyekundu tu, kwa sababu rangi hiyo kwao haitofautiani na giza. Mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen kwa kazi zao juu ya tabia za wanyama. Mdudu anayejifunza rangi kwa chakula si mjinga. Pale kioo kinamdanganya katika jambo moja analoliamini kuliko yote.

Zamani nyumba zetu hazikumsumbua hivi. Angalia zile za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, au za kale zilizobaki Pangani: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, madirisha yenye mabawa ya mbao. Bawa likifunguliwa limefunguka kweli, na mdudu akifuata mwanga anatoka. Siku hizi tumeweka madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, nje kuna nondo za chuma, na wavu wa mbu umebanwa moja kwa moja. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanasukuma kioo, wanasimama pembeni wakingoja nyuki atoke, na nyuki anahama tu kutoka kwenye kioo kwenda kwenye wavu. Sasa anapata mwanga, upepo na hata harufu ya maua ya nje, na ndiyo kwanza anazidi kung'ang'ania. Wavu ni mzuri, unatukinga na malaria, usiung'oe kwa ajili ya nyuki mmoja. Lakini ujue kwamba katika nyumba ya namna hii hakuna dirisha hata moja lililo njia ya kutokea. Njia ni mlango.

Kwa hiyo fanya mlango uwe ndiyo anga. Zima feni kwanza, hasa ya darini, kwa sababu humpiga akaanguka mahali ambapo mtu atamkanyaga peku. Zima taa na televisheni. Vuta mapazia yote, na kama pazia ni jepesi ongeza kanga au shuka juu yake. Kisha fungua mlango wa nje hadi mwisho, na ule wa wavu pia. Watu wakae kando, wasisimame mlangoni wakaziba mwanga. Nyuki aliyeko nyuma ya pazia mtikise taratibu kwa kushika pazia upande wa chini, atatoka aje chumbani. Chumba kikiwa na giza na mlango ukiwa ndio pekee unaong'aa, hata hahitaji kufukuzwa.

Akiwa ametulia kwenye kioo au kwenye wavu kuna njia ya haraka zaidi, ya glasi na karatasi ngumu. Chukua glasi inayopenya mwanga, mfunike polepole, halafu pitisha bahasha au kadi ya mwaliko wa harusi kati ya mdomo wa glasi na kioo. Shikilia kadi, toka naye nje, weka glasi chini kwenye kivuli, ondoa kadi, rudi nyuma. Wavu ni bora kuliko kioo kwa kazi hii, kwa sababu miguu yake inapata pa kushika na anatulia. Ukimkuta amelala kwenye kizingiti cha dirisha, anatikisa miguu tu, huenda amechoka na kuishiwa nguvu. Tone la maji ya sukari kwenye kijiko, lisogeze karibu na mdomo wake, na mara nyingi utamwona akitoa ulimi na kunywa. Usimpe asali ya kununua, inaweza kubeba vijidudu vya magonjwa ya nyuki akavipeleka kwenye mzinga wake.

Usiku mambo hugeuka. Nje ni giza, ndani kuna taa, na kilichoingia kinazunguka balbu. Mwaka 2024 watafiti waliopiga picha za video za kasi wadudu wanaoruka kwenye taa walionyesha kwamba wengi wao huugeuzia mwanga mgongo, kama ambavyo wangeugeuzia anga, na taa iliyo karibu inawafanya wazunguke bila kutoka. Zima taa ya ndani, washa ya kibarazani, fungua mlango. Kama unahitaji kuona unachofanya, funika tochi kwa kitambaa chekundu. Wafugaji wa nyuki hutumia mwanga mwekundu wanapovuna usiku kwa sababu hiyo hiyo aliyoigundua von Frisch.

Kabla ya yote, lakini, mtambue mgeni wako. Msimu wa mvua huingia mdudu mkubwa wa kahawia, tumbo refu la mviringo, anagonga taa kwa kishindo na kuanguka mezani. Watu wanamwogopa sana. Huyo ni dume wa siafu, hana mwiba wa kuuma. Yule mweusi mnene anayevuma na kutoboa boriti ni nyuki wa mbao. Jike anao mwiba ila ni mpole, na dume hana kabisa, maana kwa nyuki na nyigu wote mwiba ni kiungo cha kutagia mayai kilichobadilika, kwa hiyo ni majike tu wanaouma. Nyigu mwembamba mwenye kiuno kirefu anayejenga kwa udongo ukutani anawinda buibui, anawalemaza na kuwafungia humo wawe chakula cha watoto wake, na ni mara chache sana amwume mtu. Wa kumwangalia vizuri ni nyigu wanaojenga kiota cha karatasi chini ya bati au pembeni mwa fremu ya dirisha. Mmoja akiwa ndani mtoe kama nyuki, lakini tafuta kiota kiko wapi, kwa kuwa nyigu huweza kuuma mara nyingi mfululizo.

Nyuki wa asali huuma mara moja. Mwiba wake una vijino, unanasa kwenye ngozi yetu, unachomoka na kifuko cha sumu, naye anakufa. Ndiyo maana akiwa peke yake mbali na mzinga hana sababu ya kuuma mpaka umbane mkononi, umkalie au umkanyage. Kumpiga kandambili ndiko kunakoleta hatari, hasa kama kuna kundi karibu. Anapouma au kupondwa hutoa harufu ya tahadhari. Kemikali kuu ya harufu hiyo ilitambuliwa mwaka 1962, na hunuka kama ndizi mbivu. Wenzake wakiinusa huja wakiwa tayari kwa vita.

Tanga ina ushahidi wake juu ya hasira ya nyuki waliochokozwa. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Waliowangoja ni takriban 1,000 tu, askari Waafrika na Wajerumani, wakiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Katikati ya mapigano nyuki walivurugwa wakatoka kwa makundi na kuwauma watu wa pande zote mbili. Waingereza walishindwa, na baadhi yao waliamini kwamba Wajerumani walikuwa wametega nyaya za kuwafungulia nyuki makusudi. Hakuna aliyetega. Nyuki walikuwa kwao, na watu ndio waliowaletea kelele.

Ukiumwa, usipoteze muda kutafuta wembe au kubishana kama mwiba unabanwa au unakwanguliwa. Kifuko kinaendelea kusukuma sumu hata kikiwa peke yake, kwa hiyo utoe kwa kucha, upesi, kwa njia yoyote. Osha kwa sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, vua pete kama ni mkononi. Mafuta ya taa hayasaidii kitu na yanachubua ngozi. Midomo au uso ukivimba, mwili ukatoka vipele mahali ambapo hukuumwa, pumzi ikakaza au mtu akaona kizunguzungu, hapo hakuna kusubiri: ni hospitali mara moja, kwa bodaboda au gari lolote lililopo, kwa sababu anahitaji adrenalini. Vivyo hivyo kwa mtoto au mzee aliyeumwa na nyuki wengi.

Jambo moja zaidi linanisumbua, kwa sababu watu hulidharau. Nyuki mmoja aliyeingia leo kufuata juisi ya miwa au tende si tatizo. Lakini ukiona nyuki wachache wanakuja siku baada ya siku, hawagusi chakula, wanazungukazunguka tundu moja la dari au pengo chini ya bati, wanaingia na kutoka, hao ni wapelelezi. Kuna kundi mahali fulani linatafuta nyumba, na nyuki wetu wa Afrika huhama kwa wepesi kuliko wale wa Ulaya. Ziba tundu hilo siku hiyo hiyo, jioni wakiwa wameondoka, kwa saruji au wavu wa chuma.

Wakikuwahi na kuhamia darini, usipulize dawa wala kuwasha moto. Nyumba za makuti zimeungua hivyo. Waondoe watoto na mifugo iliyofungwa kamba, maana mbuzi hawezi kukimbia. Mwite mfugaji wa nyuki au afisa nyuki wa halmashauri, na kama wameshaanza kushambulia watu piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Atakayewaondoa mwombe akwangue masega na nta yote kabla hamjaziba tundu, kwa sababu harufu ya nta hukaa muda mrefu na kundi lingine litaifuata hadi dari lile lile.