Nguo yenye umeme ndani: kazi yenyewe iko wapi

Vijana wengi hapa Mombasa wakisikia naunda nguo zenye sensa (vihisio vya umeme) wanadhani kazi ni kuchagua chipu na kuandika kodi (maagizo ya kompyuta) basi. Chipu siku hizi si shida, zipo ndogo na zinapatikana. Kazi iko pale uzi wa kupitisha umeme unapokutana na bodi (kibao kinachobeba chipu), yaani kitu laini kinapoungana na kitu kigumu, na prototaipu (nguo za majaribio) nyingi hufia hapo hapo.

Uzi unaotumika sana ni nailoni iliyopakwa fedha, laini kwa ngozi na unapitisha umeme vizuri, lakini fedha na jasho la chumvi havipikiki chungu kimoja, fedha inaanza kuwa nyeusi na ukipima na malitimita (kipima umeme) unakuta ukinzani, yaani jinsi uzi unavyozuia umeme kupita, umepanda. Na jasho la huku mnalijua, panda feri ya Likoni saa saba mchana uone. Uzi wa stenlesi haushiki kutu ovyo ila risasi ya kulehemu haiushiki. Na hata uzi ukikubali risasi, ile risasi inapanda ndani ya nyuzi zinakakamaa, sasa nguo ikikunjwa-kunjwa inakatika palepale ugumu unapoishia. Ndio maana mimi napendelea vifungo vya chuma vya kubana, na betri unaibandua kabla ya kufua.

Eeh, kufua! Lile jaketi lenye umeme ndani la kampuni za Levi's na Google la 2017, pamoja na akili zote zile, lilisemekana linavumilia kufuliwa kama mara 10 hivi. Kiwango cha kimataifa cha ufuaji, ISO 6330, tunachopimia nguo kimeandikwa kwa kufikiria mashine, wakati huku nguo inafikichwa kwa mkono na sabuni ya kipande, inakamuliwa kwa nguvu, inaanikwa juani. Kwangu mimi nguo isiyovumilia kukamuliwa haijaisha kuundwa, hata demo yake ipendeze vipi.

Ukitaka kuingia fani hii soma elektroniki au makanika, au uhandisi wa nguo kama ule wa Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, lakini tafadhali nenda pia ukakae na fundi cherehani pale Biashara Street. Atakuonyesha kwa nini kitambaa cha kuvutika kinataka mshono wa zigizaga, maana uzi wetu wenyewe hauvutiki, na kwa nini uzi msumbufu unawekwa kwenye bobini chini badala ya kupitishwa kwenye sindano. Hayo mainjinia wengi hawayajui kabisa na yanawagharimu.

Bodi ya kuanzia ipo, LilyPad iliyobuniwa na Leah Buechley, iliingia sokoni 2007 na imeundwa ishonwe kwenye nguo. Ila hata kabla ya bodi, shona mstari wa sentimita 20, pima ukinzani, fua, kamua, anika, pima tena, uandike kila namba. Ukija kuniomba kazi na daftari hilo nitalisoma kabla ya cheti.